Piga mkanda kwanza, uigize kwa dijitali baadaye: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale: ninunue kamera gani ya mkanda (filamu), kwa nini picha zangu zimetoka na giza la matope, na ni programu gani inayofanya picha ya dijitali ionekane kama ya mkanda. Hili la mwisho ndilo linaloulizwa zaidi na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi, maana wengi huanza na chembe (vile vidoti vya mkanda) na kufifisha rangi. Muonekano wa mkanda huanzia kwenye mwanga ulioingia kwenye kamera. Mkanda wa negativu huvumilia mwanga ukizidi, lakini ukipungua haukusamehe. Sensa ya dijitali ni kinyume: giza unaweza kulinyanyua baadaye, ila sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu hairudi. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na tofauti hiyo.

Utakachofanya ni kupiga mkanda mmoja huku kamera ya dijitali iko begani, kuusafisha, halafu kutumia picha za mkanda wako kama kielelezo cha kuhariri zile za dijitali. Bila kielelezo utabaki kuigiza picha za Instagram, ambazo nyingi zenyewe ni maigizo.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Kamera ya mkanda wa milimita 35. Pentax K1000, Canon AE-1, Nikon FM2 na Zenit ndizo zinazokutwa sana kwa wauza vitu vya mtumba. AE-1 haifyatui kabisa bila betri yake ya volti 6. K1000 na FM2 hufyatua bila betri; betri zao ni za mita ya mwanga tu.
- Mikanda miwili ya aina moja. Kwa jua la mchana chukua Kodak Gold 200. Ukitaka kupiga hadi jioni, Kodak Portra 400. Kwa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus.
- Kamera ya dijitali inayohifadhi RAW (faili ghafi la sensa), au simu inayotoa faili la DNG. JPEG ya simu imeshanolewa na kupakwa rangi. Ukiigeuza sana inachanika.
- Programu ya kuhariri. Lightroom ni ya kulipia kwenye kompyuta. darktable na RawTherapee ni za bure na zinatosha kabisa. Kwenye simu, Snapseed ni bure na inafungua DNG.
- Maabara. Uliza kabla ya kununua mkanda: wanasafisha rangi kwa C-41 (mchakato wa dawa za mkanda wa rangi)? Wanarudisha negativu? Skani wanatoa za ukubwa gani? Wapo wanaoskani kisha kutupa negativu. Hao waache.

Kamera ya mtumba ikague kabla ya kutoa hela. Fungua mgongo, gusa sponji nyeusi kwenye kingo za mlango: ikinata kama lami, mwanga utapenya. Mulika tochi ndani ya lenzi kwa upande wa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Pwani, kwenye unyevu wa Mombasa au Tanga, kuvu haikawii, kwa hiyo lenzi ilale kwenye boksi lenye kifuniko na pakiti za silika, isikae kwenye begi la ngozi.

Sehemu ya kwanza: mkanda

1. Kama mkanda ulikuwa kwenye friji, utoe mapema. Uache na kopo lake la nje la plastiki likiwa limefungwa kwa saa moja au mbili hadi ufikie joto la chumba. Ukilifungua ungali baridi, unyevu utaganda juu ya mkanda.

2. Pakia kivulini. Vuta juu kitufe cha kurudishia mkanda hadi mgongo ufunguke. Weka kopo upande wa kushoto, shusha kitufe, vuta ulimi wa mkanda uuingize kwenye ufa wa spuli ya kulia. Sogeza wenzo wa kuvutia mkanda mpaka meno yashike matundu ya juu na ya chini, kisha funga mgongo. Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza: zungusha kitufe cha kurudishia taratibu kufuata mshale mpaka ukisikie kimekaza, kisha usogeze wenzo mara mbili ukifyatua bure, huku macho yako yakiwa kwenye kitufe hicho. Lazima kizunguke kinyumenyume kila unaposogeza. Kisipozunguka, mkanda haujashika, na utapiga picha 36 za hewa.

3. Weka ISO (wepesi wa mkanda kupokea mwanga) kwa mkono. K1000 na AE-1 hazisomi msimbo ulio kwenye kopo. Kwa Gold 200 weka 100 badala ya 200. Hapo umejiongezea stopu moja ya mwanga, yaani mwanga maradufu, kwenye mkanda mzima, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Kwa maabara sema wasafishe kawaida. Usiwaambie chochote kuhusu ile 100.

4. Pima mwanga. Mita ikiwa imekufa, au huiamini, tumia kanuni ya jua na f/16 (namba ya f/ ni upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kwa mkanda wa ISO 200 spidi ya shata iwe 1/250, kisha:
 - jua kali, vivuli vyenye kingo kali: f/16
 - jua lenye utando, vivuli laini: f/11
 - mawingu mepesi, vivuli havionekani: f/8
 - mawingu mazito: f/5.6
 - kivulini, chini ya mwembe au barazani: f/4

 Hesabu hizo ni za ISO 200 kamili. Ile stopu ya ziada unaipata kwa kufungua tundu hatua moja: f/11 badala ya f/16, na kuendelea. Kwenye mchanga mweupe wa ufukweni saa sita, bakia f/16, maana mchanga nao unarudisha mwanga.

5. Nyuso zipime kwa akili. Mita haijui inatazama nini. Kila kitu inataka kukifanya kijivu cha wastani. Mfano unaokutana nao kila Jumamosi: bwana harusi mweusi tii, kanzu nyeupe, amesimama juani. Ukiipimia kamera kwenye kanzu, uso unazama gizani. Ukisogea ukapima uso peke yake, mita inaongeza mwanga yenyewe, pengine stopu moja au zaidi kuliko inavyotakiwa. Kwenye negativu ya rangi hilo ni sawa kabisa: pima uso, piga, kanzu bado itakuwa na mikunjo yake. Ila hapo usiongeze tena juu ya ile ISO 100, maana rangi ya ngozi itaanza kuwa nzito kwenye skani. Ongezeko moja linatosha.

6. Kila unapopiga fremu ya mkanda, piga na ya dijitali kutoka palepale. Kamera ya dijitali iwe kwenye RAW, lenzi ya pembe ileile (mm 50 kwenye mkanda ni kama mm 35 kwenye kamera ya sensa ndogo ya APS-C), na mizani ya rangi nyeupe imefungwa kwenye 5500K (mwanga wa mchana). Usiiache kwenye otomatiki. Mkanda wa mchana una mizani moja tu tangu kiwandani, ndiyo maana picha za mkanda mmoja zinafanana kama ndugu, na ndiyo maana ndani ya nyumba zinatoka na umanjano wa taa. Kamera inayobadili mizani kila fremu itakunyima mfanano huo hata uhariri vipi.

 Kwa mwanga, hapa geuza kichwa. Kwa yule bwana harusi, kwenye dijitali unachokilinda ni kanzu. Washa alama ya kumweka inayoonyesha sehemu zilizoungua, shusha fidia ya mwanga (exposure compensation) kati ya −1/3 na −1 mpaka kanzu iache kumweka. Uso utaunyanyua baadaye kutoka kwenye RAW.

7. Mkanda ukifika mwisho, wenzo utakaza. Usilazimishe, ukilazimisha utachana matundu au utaung'oa mkanda kwenye kopo. Bonyeza kitufe kidogo chini ya kamera, kunjua mkono wa kurudishia, zungusha mpaka ukazo uachie ghafla, ongeza mizunguko michache, ndipo ufungue mgongo.

Ukisafiri kwa ndege, mikanda isiingie kwenye begi la kupakia. Iweke mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani na uombe ikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za CT, ambazo huharibu mkanda usiosafishwa.

Kusafisha

Rangi mpelekee mtaalamu. C-41 inataka dawa yenye nyuzi 38 bila kuyumba, na kwa mkanda wa kwanza haifai kujitesa. Nyeusi na nyeupe unaweza kufanya nyumbani, na pwani tatizo lako halitakuwa kupasha maji bali kuyapoza.

8. Kwa HP5 Plus moja kwenye tangi la Paterson unahitaji ml 300 za dawa. Changanya ml 150 za ID-11 na ml 150 za maji. Kwa nyuzi 20 muda ni dakika 13. Bomba la Dar es Salaam mchana halikupi maji ya nyuzi 20, kwa hiyo weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji yenye mfuko wa barafu uliofungwa. Barafu yenyewe isiingie kwenye dawa. Ukishindwa kushuka chini ya 24, punguza muda uwe karibu dakika 9. Usitumie ID-11 isiyochanganywa na maji kwenye joto hilo: muda wake wa dakika 7½ utashuka karibu na 5, na chini ya dakika 5 dawa hufanya kazi kwa mabaka.

 Pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne kila dakika inapoanza. Mwaga, weka dawa ya kusimamisha kwa sekunde 10 hivi, mwaga, weka fiksa (dawa ya kudumisha picha) ya 1+4, yaani sehemu moja kwa nne za maji, kwa dakika 5. Kuosha: jaza maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua 10, mwaga, jaza, pindua 20, mwaga. Maji yote yawe na joto linalokaribiana. Tundika bafuni, mahali pasipo na vumbi, ukiwa umeshayamwaga maji sakafuni ili vumbi lishuke.

9. Skani waachie maabara, au piga negativu kwa kamera yako ya dijitali: lenzi ya makro, f/8, ISO 100, kamera kwenye stendi ikitazama chini. Skrini ya simu yaweza kuwa taa, ila weka plastiki nyeupe ya maziwa juu yake na uinyanyue negativu sentimita chache, la sivyo vidoti vya skrini vitaonekana. darktable ina moduli ya negadoctor ya kugeuza negativu na kuondoa ule uchungwa wake.

Sehemu ya pili: kuigiza kwa dijitali

Fungua picha mbili pembeni kwa pembeni, ya mkanda na ya dijitali. Fuata mpangilio huu. Ukianza na chembe utakuwa unaficha makosa.

10. Mwanga. Shusha Highlights (sehemu angavu) hadi −40 au −60, nyanyua Shadows (vivuli) +20 hadi +35, mpaka uso ufanane na wa kielelezo. Kisha nenda kwenye Tone Curve, ile grafu ya mwanga. Kwa kipimo cha 0 hadi 255 anza hivi: 0 iende 10, 64 iende 58, 128 iende 132, 192 iende 200, 255 iende 246. Ncha ya juu iliyolala ndiyo inayotoa ule weupe mlaini wa kanzu ya mkanda. Ncha ya chini usiipandishe zaidi ya 15. Weusi uliofifia hadi kuwa kijivu watu huuita muonekano wa mkanda, lakini mkanda uliopigwa vizuri una weusi wa kweli. Kijivu hicho ni dalili ya picha iliyokosa mwanga au iliyochakaa.

11. Rangi. Kwenye grafu ya bluu peke yake pandisha 0 hadi 8 na shusha 255 hadi 243: vivuli vinapata ubluu kidogo, mwanga unapata umanjano wa Gold. Kijani kisogeze upande wa njano kwa −15 na upunguze ujazo wake (saturation) −15, maana kijani cha migomba kwenye dijitali huwa kinapiga kelele. Bluu ya mbingu isogeze −8, ujazo −10. Chungwa usiiguse ujazo wake; humo ndimo ngozi ilimo. Ukitaka uso ung'ae, ongeza mwangaza wa chungwa +5, basi.

12. Makali. Lightroom huongeza Sharpening ya 40 bila kuulizwa. Shusha hadi 15 au 20, na Clarity −5. Hatua hii ndogo huonekana zaidi kuliko rangi zote.

13. Ukubwa, ndipo chembe. Punguza picha kwanza hadi ukubwa utakaouonyesha, mfano pikseli 2048 upande mrefu, halafu weka chembe. Kwa sura ya ISO 200: kiasi 15, ukubwa 25, ukwaru 50. Kwa HP5: kiasi 30 hadi 35. Chembe za mkanda huonekana zaidi katikati, si kwenye weupe wa mbingu wala weusi mzito. Darktable ina kitelezi cha kuzielekeza huko.

Kwa nyeusi na nyeupe ruka hatua ya 11. Badala yake, baada ya kugeuza, pandisha mwangaza wa chungwa na nyekundu +10 hadi +20 ili ngozi nyeusi ipate umbo na mng'ao, na shusha bluu −20 ili mawingu yajitokeze, kama ambavyo kichujio cha njano hufanya kwenye lenzi.

Wenye kamera za Fujifilm za X wanaweza kupata karibu yote haya ndani ya kamera. Anza na muonekano wa rangi wa Classic Chrome, DR400 (mpangilio unaolinda sehemu angavu), chembe Weak, Highlight −1, Shadow 0, Color +2, Sharpness −2, Noise Reduction −4, mizani Daylight yenye R +2 na B −4. DR400 inadai ISO ya juu kidogo, 640 kwenye X-T3, kwa hiyo juani hakikisha spidi ya shata inakutosha. Muonekano mwingine, Classic Neg, upo kuanzia X-Pro3 ya mwaka 2019. Rangi zake ni kali zaidi kwenye vivuli, na juani saa sita huwa inazidisha.

Zile duara nyekundu kuzunguka taa za usiku ni jambo jingine. Kwenye mkanda kama CineStill 800T tabaka linalozuia mwanga kurudi limeondolewa, hivyo mwanga unapenya, unagonga nyuma, unarudi na kuchoma tabaka la nyekundu. Kwenye GIMP (programu ya bure ya kuhariri) nakili picha, acha taa tu zibaki, zitie ukungu wa pikseli 20, zipake nyekundu ya chungwa, weka hali ya Screen kwa asilimia 25. Mchana hazina kazi.

Mambo yakienda mrama

Mkanda umetoka mtupu. Tazama kingo. Namba za fremu zikisomeka, usafishaji ulikuwa sawa na mkanda haukupata mwanga: ama haukushika kwenye spuli, ama shata imekufa. Namba nazo zisipokuwepo, dawa ndiyo iliyokosewa, mara nyingi fiksa imetangulia.

Picha zina kijivu cha matope na chembe kubwa. Mwanga ulipungua. Shika negativu juu ya karatasi nyeupe. Ikiwa nyepesi sana kwenye vivuli, skani mpya haitasaidia.

Michirizi ya chungwa au nyekundu. Sponji za mlango. Safisha kwa spiriti na kijiti, bandika mpya, na kwa muda huo ziba kingo kwa solotepu nyeusi.

Nusu ya fremu nyeusi ukitumia flashi. Spidi ilizidi ile inayokubaliana na flashi. Kwenye K1000 ni 1/60.

Negativu nyeusi na nyeupe ina ukungu wa maziwa. Fiksa imechoka au muda ulikuwa mfupi. Irudishe kwenye fiksa mpya dakika 5 zaidi, hata ikiwa imekauka, kisha ioshe upya.

Ngozi kwenye dijitali imekuwa ya majivu. Umepunguza ujazo wa chungwa, au umenyanyua Shadows kupita kiasi. Rudisha vyote sifuri, uanze na uso ndipo uende kwingine.

Rangi zinabadilika fremu hadi fremu. Mizani ilikuwa otomatiki. Chagua RAW zote kwa pamoja, weka 5500K, kisha nakili uhariri mmoja kwa zote.

Chembe zimegeuka ujiuji baada ya kutuma. WhatsApp huzikamua picha zinazotumwa kawaida. Tuma kama dokumenti, au shusha chembe hadi 10 kwenye nakala ya kutuma.

Mkanda ulioisha muda. Kwa negativu ya rangi watu huongeza stopu moja kwa kila miaka kumi tangu tarehe iliyo kwenye boksi. Hesabu hiyo inauhusu uliokaa mahali pa baridi. Uliokaa kabatini pwani bila friji unaweza kuwa na ukungu ambao hakuna mwanga wa ziada utakaouondoa, kwa hiyo usiupeleke harusini. Upigie picha za mtaani, na kamera ya dijitali iwe begani.